Mama Daktari na Mishumaa ya Ijumaa

Nilipokuwa na miaka minane, mama yangu alianza kuitwa Mama Daktari, na daktari mwenyewe nilikuwa mimi. Wakati huo nilikuwa bado sijui kusoma saa. Meno yangu mawili ya mbele yalikuwa yameng'oka, niliogopa sindano, na kuku akichinjwa nilikwenda kusimama nyuma ya choo mpaka kelele ziishe. Lakini mama alikuwa ameshaamua, na mama akishaamua jambo, hata Mungu alipewa taarifa tu.

Ili mtu aelewe uzito wa jambo hili, ajue kwanza kwamba kwetu mwanamke akishazaa, jina lake mwenyewe huwekwa kando. Huitwa kwa mtoto wake. Huwa Min fulani, yaani mama wa fulani, na hilo ndilo atakaloitwa sokoni, kanisani na matangani mpaka siku atakayozikwa. Wanawake wengine waliridhika na jina la mtoto. Mama yangu aliliruka jina, akachukua cheo. Alijitambulisha kila mahali kwamba yeye ni mama wa daktari, na watu wa Kisumu, ambao hawaoni shida kumpa mtu cheo ilmradi hakitoki mfukoni mwao, wakamwita hivyo. Kufikia mwisho wa mwaka, jina langu halikutajwa tena popote ila kwenye rejista ya shule.

Wa kulaumiwa ni mama mwingine, mama wa Kiyahudi ambaye mama yangu alikuwa mpishi wake. Waliishi Milimani, kwenye nyumba kubwa yenye baraza, na sisi tuliishi nyuma ya nyumba hiyo, katika chumba cha watumishi: mama, mimi na dada yangu mdogo. Baba alibaki kijijini Kombewa na ng'ombe wake. Alisema mji hauna nyasi, na hoja hiyo hakuna aliyeweza kuipinga. Mume wa yule mama alikuwa mhandisi wa mabomba ya maji. Sura yake siikumbuki vizuri, kwa sababu wiki nyingi alikuwa ndani ya mtaro fulani mahali fulani, akirudi amechelewa na matope mpaka magotini.

Mama alimwita yule mama wa Kiyahudi Madam. Yeye alimwita mama yangu Mama. Madam alizaliwa Nakuru, baada ya wazazi wake kukimbia Ulaya kabla ya vita, na Kiswahili chake alikiokota utotoni jikoni na kwenye zizi la ng'ombe, kikiwa hakina umoja wala wingi. Kiswahili cha mama yangu kilitoka Kombewa, kikapitia kwanza kwenye Kijaluo, kikafika mjini kimechoka. Wawili hao walielewana kabisa. Mimi ndiye niliyekuwa nikiumia, kwa sababu nilipenda kusikiliza redio, na redioni niliwasikia watu wa pwani wakikitamka Kiswahili kana kwamba wanakilamba.

Kila Ijumaa, jua likikaribia kuzama upande wa ziwa, Madam alijifunga kitambaa kichwani, akawasha mishumaa miwili mezani. Kisha alivuta mikono yake juu ya miali kama mtu anayejivutia moshi, mara tatu, akafunika macho kwa viganja na kunong'ona. Alinong'ona kwa muda mrefu kuliko sala yoyote niliyoizoea, na wakati mwingine mabega yalimtikisika. Akimaliza, alimwita mwanawe na binti yake, akawawekea mikono kichwani mmoja baada ya mwingine. Mwanawe alikuwa mkubwa kwangu kwa miaka michache, na wakati wa kubarikiwa alitukonyeza sisi tuliokuwa tukichungulia kwenye mlango wa jikoni.

Mama yangu alitazama Ijumaa nyingi bila kusema kitu. Ndiye aliyeoka ule mkate wao wa kusukwa, na alikuwa ameanza kuusuka kwa mitindo ya kwetu, mistari minne ikielekea kisogoni, hata Madam akasema mkate wake ndio pekee duniani uliowahi kwenda saluni. Lakini sala ilimsumbua mama. Alitaka kujua mwanamke huyu, ambaye maji yake yalitoka ukutani na friji yake ilijaa, alikuwa anaomba nini kwa muda wote ule.

Mwishowe aliuliza. Madam alimweleza kwamba yale ya kunong'ona ni ya mama na Mungu wake, lakini yale ya mikono kichwani ni maneno ya zamani sana. Mvulana huombewa awe kama wale ndugu wawili waliozaliwa Misri, wajukuu wa Yakobo. Msichana huombewa awe kama wale wake wanne wa wazee wa Agano la Kale. Mama yangu, aliyekuwa ameisoma Biblia ya Kijaluo mpaka kurasa zikatoka, alisikitika waziwazi. Jioni ile, akimenya viazi, alituchambulia hao wanawake wanne. Mmoja alisimama nyuma ya hema akamcheka Mungu. Mmoja alipika nyama ya mbuzi ili kumdanganya mumewe asiyeona. Mmoja aliiba miungu ya babake akaikalia, kisha akadai yuko kwenye siku zake. Na mmoja, Biblia inasema tu kwamba macho yake yalikuwa dhaifu. Hao ndio mtu awatake kwa binti zake? Kuhusu wale vijana wa Misri, alisema Biblia haitaji hata kazi waliyofanya.

Kesho yake alimwambia Madam hayo yote, kwa adabu, akikuna sufuria. Nilikuwepo, nikikausha vikombe.

Madam alicheka. "Sisi hapana omba kazi, Mama," alisema. "Sisi naomba mtu."

"Mtu niko na yeye tayari, Madam," mama akajibu. "Ni kazi ndio hana."

Na hapo ndipo balaa langu lilipoanza. Mama alichukua ibada yote ya Ijumaa kama ilivyo, akatoa wale wanawake wanne, akaweka kazi. Hakuwa na mishumaa, kwa hiyo alipanga koroboi mbili kwenye stuli, akajifunga leso, akavuta mikono juu ya moshi, akafunika macho. Kisha alituita. Mikono yake ilikuja kichwani ikiwa na masizi, na kila Jumamosi asubuhi mimi na dada yangu tulitoka nje tukiwa na paji la uso jeusi. Alimwomba Nyasaye, yaani Mungu, anifanye daktari. Hakusema "ikiwa ni mapenzi yako." Alieleza hata idara: daktari wa watu, si wa ng'ombe, hospitali ya serikali, nyumba ya serikali. Dada yangu aliombewa uwakili, kwa sababu alikuwa mbishi.

Madam alikuwa amemweleza kwamba nyanya yake kule Ulaya alilazimika kuangalia kalenda ili ajue jua litazama saa ngapi, maana kwao jua huzama mapema msimu wa baridi na huchelewa sana msimu wa joto. Kisumu jua huzama wakati uleule mwaka mzima. Mama aliona hiyo ni ishara kwamba sala ya Ijumaa ilitengenezwa kwa ajili ya Kisumu, ikapotelea Ulaya njiani. Mzee mmoja wa kanisa letu aliposikia habari za koroboi, alikuja kumwonya kuhusu dini za kigeni. Mama alimpa chai, akamuuliza kama anajua mamake Yesu alikuwa kabila gani. Mzee alijikuna. Mama akamwambia kuna mama mmoja wa Kiyahudi aliyemwombea mwanawe, akitegemea labda awe seremala mzuri kama babake, na leo dunia nzima inafunga ofisi siku ya kuzaliwa kwa huyo mtoto. Mzee alimaliza chai na hakurudi tena kwa shughuli hiyo.

Sitaki mtu adhani Madam mwenyewe aliishi kwa ile hekima yake ya kuomba mtu tu. Ijumaa aliomba mtu. Kuanzia Jumapili mpaka Alhamisi alidai daktari. Mwanawe akikohoa, alimuuliza kama anajua sehemu ya kifua inayokohoa. Kwenye siku yake ya kuzaliwa alimpa mifupa ya plastiki. Kijana huyo hakutaka mifupa. Alitaka kukaa jikoni na mama yangu, kwenye kibao, akipara ngege, samaki wa ziwa letu. Mama alimfundisha kupitisha kisu chini ya tumbo bila kupasua nyongo, kujua mafuta yamepata moto bila kutia kidole, na kukataa kambare, tunayemwita mumi, kwa ajili ya dini yake, kwa kuwa mumi hana magamba. Siku moja Madam aliingia akamkuta magamba yamemjaa mpaka kwenye viwiko. Alimshika mkono akaupeleka juani, akautazama kwa huzuni, akasema mikono ile ni ya daktari na haipaswi kushika kisu cha samaki.

Mama yangu aliipenda sana hiyo kauli. Tangu siku hiyo na mimi nikapigwa marufuku kupara samaki. Msichana wa ziwani asiyejua kupara samaki ni jambo la kuchekesha, na nilichekwa ipasavyo, lakini ukweli ni kwamba nilifurahi, kwa maana damu ya samaki nayo ilinitia kizunguzungu. Mama alisema mikono yangu inatunzwa. Dada yangu, ambaye mikono yake haikutunzwa na mtu, alipara samaki wa nyumba zote mbili na kunitukana kwa mapana. Hapo kweli nilianza kuamini kwamba atakuwa wakili.

Kisha wagonjwa wakaanza kuja.

Haikuwa kosa lao. Ukimwita mtu Mama Daktari miaka miwili, mitatu, siku moja mtoto wako akiugua utakumbuka kwamba unamjua mama wa daktari. Kwanza alikuja mtunza bustani wa jirani na kidole kilichovimba. Nilikitazama nikiwa nimekunja uso, kama nilivyowaona wakubwa wakikunja, nikamwambia aende hospitali. Baadaye akaja msichana wa kanisani mwenye jicho jekundu. Nikamwambia aende hospitali. Nilikuwa na dawa hiyo moja tu, na niliitoa kwa kila ugonjwa.

Halafu akaja mwanamke wa Dunga, kule ufuoni mwa ziwa, ambaye alikuwa akimuuzia mama ngege na omena, dagaa wetu. Alikuja mchana, amembeba mtoto mgongoni, na hatua zake zilionyesha kwamba ametoka ufuoni bila kupumzika.

"Mama Daktari, hii mtoto imekataa kula tangu jana," alisema. "Sasa haiamki mzuri. Hebu daktari aone yeye kidogo."

Mama aliniita kutoka darasani kwangu, yaani chini ya kamba ya nguo, nilipokuwa nimeketi na kitabu cha hesabu. Nilimgusa mtoto. Alikuwa moto, na macho yake yalipofunguka yalionyesha weupe tu. Niliogopa vibaya sana. Mguu wangu ulitaka kwenda nyuma ya choo. Nilimtazama mama, naye akanitazama, na nikaona kwamba hata yeye ameogopa, lakini mdomo wake haukuweza kusema kwamba mimi si daktari.

"Hospitali," nilisema. "Sasa hivi. Msipitie nyumbani."

Wakaenda. Ilikuwa malaria, imekwisha kupanda kichwani, na mtoto alipona. Baada ya hapo ungedhani mimi ndiye niliyemtundikia drip. Yule mwanamke alirudi na ngege mkubwa aliyefungwa kwa majani, akawaeleza watu wa Dunga kwamba kuna mtoto Milimani ambaye alimgusa mwanawe mara moja tu akajua. Mama alinunua kitambaa cheupe. Alisema ni cha mapazia, lakini siku moja nilijikuta nimefungwa nacho mwilini, yeye akiwa nyuma yangu amevuta kichwa kando anapima urefu.

Nilipofika sekondari, shule moja upande wa Mamboleo, tulipasua chura. Namkumbuka chura mwenyewe, na kisu, na kisha naikumbuka dari. Walinilaza kwenye benchi na mwalimu wa Biolojia akaniuliza, si kwa ubaya, kama nimefikiria kazi nyingine. Nilipomweleza mama, alifikiri kidogo akasema chura si mtu. Mimi nitatibu watu. Ijumaa ile aliongeza kwenye sala kwamba niepushwe na vyura.

Ningeweza kumwambia sitaki. Watu huniuliza hilo, hasa wale ambao mama zao waliwaombea polepole. Lakini nilishafika mahali ambapo daktari hakuwa ndoto ya mama, alikuwa jina lake. Kila mtu kuanzia Milimani mpaka Dunga alimjua kwa hilo tu. Jina la kuzaliwa alilipoteza nilipozaliwa mimi, na jina langu hakulichukua. Nikianguka, mama yangu atabaki hana cha kuitwa. Kwa ajili hiyo nilisoma Biolojia kwa machozi, nikachora moyo na vishale vyake, na viungo visivyokuwa moyo pia, na haikunisaidia kitu.

Wakati huo kijana wa Madam alikuwa ameshapelekwa Uingereza kusomea udaktari. Mama alitangaza sokoni kwamba sala ya nyumba ile imeanza kujibiwa, kwa mpangilio wa umri, na kwamba zamu yetu inafuata. Madam naye aliweka picha yake sebuleni, amevaa koti jeupe. Ukiitazama picha hiyo kwa makini ungeona kijana ameangalia pembeni, nje ya picha, kama mtu anayesikia mafuta yanaanza kuungua mahali.

Matokeo ya kidato cha nne yalibandikwa ubaoni siku ya Ijumaa. Biolojia nilipata alama ambayo hata kuku angeipata kwa kutembea juu ya karatasi. Kemia ilikuwa ndugu yake. Kiswahili nilikuwa wa kwanza shule nzima, na mwalimu mkuu alisema amekaa pale miaka mingi hajaona kitu kama hicho, tena kwa msichana wa Seme, upande wetu wa Kombewa. Hakujua kwamba tangu utoto nilikuwa nasikiliza wanawake wawili wakikivunja Kiswahili jikoni, na mimi nikikiunga kimyakimya kichwani, neno baada ya neno, ili nisiumwe na masikio. Aliniambia kwa alama zangu ualimu utanipokea vizuri. Niliposikia neno ualimu nilifurahi, furaha ya kweli, mpaka nikaona aibu. Kisha nikamkumbuka mama, na nikaanza kutembea kutoka Mamboleo kurudi nyumbani kwa miguu, kwa sababu sikutaka kufika haraka.

Niliingia kwa mlango wa jikoni, nikasimama. Madam alikuwa ameketi kwenye kibao cha kupara samaki, jambo ambalo sikuwa nimewahi kuliona. Macho yake yalikuwa mekundu. Mama alikuwa mezani anasuka mkate.

"Ameacha," Madam alikuwa akisema. "Leo amepiga simu. Ameacha chuo. Sasa yeye nataka kuwa mpishi. Mpishi, Mama. Mwaka yote mimi naomba, na yeye nakwenda kuwa mpishi."

Mama hakuinua macho kutoka kwenye unga. "Mpishi kama mimi," alisema.

Madam alifungua mdomo, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue alikosa neno, hata katika Kiswahili chake kile kisichohitaji maneno mengi.

"Mimi hapana sema vile," alisema mwishowe.

"Umesema, Madam. Si mbaya. Kupika ni kazi mzuri. Si mimi ndio nilifundisha yeye kutoa nyongo?" Na mama yangu, naapa, alikuwa na kiburi kidogo usoni. Kati ya watoto wote walioombewa katika uwanja ule, mmoja alikuwa amefaulu, na amefaulu kwa mkono wake.

Kisha aliniona mlangoni. Aliniona vizuri, kutoka kichwani mpaka kwenye vumbi la miguu, na akajua nimetembea.

"Daktari amerudi," alisema, lakini sauti ilikuwa ya kuuliza.

Niliwaambia. Nilisema Biolojia nimeanguka, Kemia nimeanguka, na kwamba nitakuwa mwalimu wa Kiswahili. Mama alirudia neno hilo la mwisho polepole, kama mtu aliyepewa chenji isiyotosha. Aliuliza ni nani hapa Kisumu atakayetaka kufundishwa Kiswahili, akasema watu wote anaowajua wanacho tayari.

Madam aliinuka upesi, akiwa amepata nafasi ya kujirekebisha. "Mwalimu ni kazi mzuri sana, Mama. Mzuri sana."

"Unaona ni mzuri juu huyu si mtoto wako."

"Na wewe naona mpishi mzuri kwa sababu ile si mtoto yako."

Walitazamana. Sijui nani alianza. Nadhani ni Madam, kwa puani, halafu mama akashika meza, na wanawake wawili ambao walikuwa wamemsumbua Mungu mmoja kwa zaidi ya miaka kumi, wakacheka mpaka unga ukapeperuka. Mimi nilikasirika. Nilikuwa nimetembea kutoka Mamboleo nikibeba msiba, na hakuna aliyeupokea. Lakini kicheko cha mama kilipoanza kuisha, hakikuisha vizuri. Alijifuta macho kwa aproni, akaacha unga kwenye shavu, akasema kwa Kijaluo, si kwa mtu yeyote hasa:

"Sasa mimi nitaitwa nani?"

Madam hakujua Kijaluo. Mama alirudi kwenye mkate, akaumalizia kwa msuko wa kawaida wa nyuzi tatu, ule ambao mtu yeyote angeweza kuusuka.

Jua lilipoanza kushuka, Madam alifunga kitambaa na kwenda kwenye mishumaa yake. Binti yake alikuwa shule ya bweni, kwa hiyo hakuwa na kichwa cha kuwekea mikono. Mama alikwenda chumbani kwetu, nikamfuata, nikitegemea kwamba jioni ile hatutaitwa. Dada yangu alikuwa ameketi kitandani.

Mama aliwasha koroboi mbili. Alivuta mikono, akafunika macho, na hakunong'ona. Alikaa hivyo, viganja usoni, na nilielewa kwamba hajui aanze wapi, kwa sababu kwa miaka yote hiyo sala yake ilikuwa na neno moja tu, na neno hilo lilikuwa limeanguka Biolojia. Kisha aliniita. Nilipiga magoti mbele yake nikiwa msichana mkubwa, na mikono yake ikanishukia kichwani na masizi yake.

Aliomba kwa Kijaluo. Nayaandika hapa kwa Kiswahili kwa sababu ndiyo kazi niliyopata.

"Nyasaye," alisema, "kazi sikuombi leo. Mfanye kama yule aliyekucheka, na ukamsamehe. Mfanye kama yule aliyepika mbuzi. Mfanye kama yule aliyemwibia babake." Vidole vyake vilibonyeza kidogo nywele zangu. "Na hata yule wa macho dhaifu, Nyasaye. Wewe ulimwona."

Nililia, na sioni haya kulisema. Nilikuwa nimeombewa tangu nikiwa na pengo mdomoni, na nadhani ile ndiyo siku ya kwanza mimi mwenyewe nilitajwa. Dada yangu alikuja kupiga magoti kando yangu bila kuitwa. Alipewa wanawake walewale wanne, na uwakili ukaondolewa kwake pia, pasipo rufaa. Leo anauza samaki kwa jumla Mamboleo, na sijaona mtu aliyemshinda kwa maneno.

Jumamosi asubuhi mama alioga, akavaa gauni la kanisani, akaniambia nimsindikize Dunga kununua omena. Hakunifuta masizi. Tulitembea mpaka ufuoni, yeye mbele na kikapu, mimi nyuma na paji langu jeusi, nikitamani njia irefuke. Nilijua kinachotungoja. Watu wa Dunga huamka mapema na huwa na maswali.

Yule mwanamke wa samaki alituona tukiwa bado mbali. Mwanawe, yule wa malaria, alikuwa mvulana mrefu sasa, anapakua omena kutoka kwenye mtumbwi. Mamake aliinua mkono.

"Mama Daktari," aliita. "Tumesikia matokeo imetoka. Daktari amepita?"

Wanawake wengine waligeuka. Mama aliweka kikapu chini. Nilimwona akinyoosha mgongo, nami nikatazama miguu yangu.

"Hapa hakuna daktari," alisema. "Mimi niite Min huyu." Akanishika mkono akanivuta mbele, akataja jina langu, jina nililopewa siku nilipozaliwa, ambalo sikuwa nimelisikia mdomoni mwake tangu nikiwa na miaka minane. Alilitaja kwa sauti, mara mbili, ili wote walisikie.

Mwanamke wa samaki alilijaribu. Mara ya kwanza alilikosea kidogo, mama akamsahihisha, akalisema tena vizuri. Kisha akachukua kikombe na kutupimia omena.